Mahali Kipisi cha Sigara Kinapoangukia

Vijana wangu, nimesikia mmepewa kazi ya kuchagua mapipa ya vipisi vya sigara kwa ajili ya soko, na kwamba mmekaa siku mbili ofisini mkibishana juu ya rangi. Mmoja wenu alikuja hadi nyumbani kuniuliza kama rangi ya kijani ni nzuri kuliko ya kijivu. Nilimpa kiti, nikampa chai, sikumjibu. Sikumdharau. Nilipomtazama alivyoshika karatasi zake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba yai, nilijiona mwenyewe, nikahitaji muda wa kupumua.

Basi jibu langu ni hili, na ni refu kidogo.

Nilikuwa nimemaliza masomo kwa mapadri, mtoto wa vilima vya Karuba huko Masisi, diploma nimeiweka ndani ya kitabu cha sala ili isipate unyevu. Miaka ya hamsini ilikuwa inaanza. Nilipelekwa Walikale kuwa komi, yaani karani, wa dispanseri iliyokuwa kando ya barabara ya Bukavu kwenda Kisangani. Kwetu Karuba ukifungua mlango asubuhi unaona ng'ombe wa jirani upande wa pili wa bonde. Walikale nilishuka kwenye kamyo, lori la mizigo, nikaona miti, kisha miti, na mvua ikanyesha siku nne.

Nilikuwa kijana wa kuwaza. Kabla ya kubisha hodi nilijiuliza nibishe mara mbili au mara tatu, na nikishabisha nilijiuliza kama nimebisha kwa nguvu mno. Infirmie Anatoli, mganga msaidizi aliyekuwa pale tangu dispanseri iwe kibanda, alinitazama juma moja tu akaniambia, "Sebastiani, kichwa yako iko sawa mashini ya kusaga bila muhindi. Inapiga kelele, unga hakuna."

Ni yeye aliyenifundisha kazi ya usafi. Siku yangu ya kwanza alinipa ufagio, si kalamu. Alisema mtu asiyefagia uwanja hawezi kuandika habari zake.

Na uwanja ule ulikuwa mji. Dispanseri ilitoa dawa, chakula kilitoka kwa jamaa. Kwa hiyo mbele ya mlango walikaa mama, shangazi, waume, watoto, na mafiga ya kupikia, na kuku aliyefungwa mguu akingoja siku yake. Kulikuwa na benchi tatu chini ya kivuli cha majani, paa lisilo na kuta. Na watu walivuta. Madereva wa kamyo walivuta sigara za dukani, wanaume wa msituni walivuta tumbaku yao waliyoikunja kwa majani makavu ya ndizi, mama wazee walivuta viko. Mwenye mgonjwa ndani hana kazi nyingine ya kufanya kwa mikono yake. Vipisi, ambavyo sisi tuliviita mego, vilijaa kati ya mafiga kama punje zilizomwagika.

Dokta alikuwa Mzungu mrefu, mpole, aliyechoka. Sitasema alikuwa mbaya, kwa sababu hakuwa. Siku moja mtoto aliyeanza kutambaa alitia mego mdomoni akaimeza, akatapika mchana kutwa mpaka macho yakaingia ndani. Alipona. Juma lile lile moto wa sigara ulishika ukingo wa kivuli cha majani, Anatoli akauzima kwa maji ya kuogea ya mtu. Siku iliyofuata Dokta akaniita.

"Sebastiani. Mukubwa wa afya atafika kisha juma tatu. Akikuta mego moja, moja tu, hapa inje, jamaa yote ya wagonjwa itahamia ngambo ya mto. Tafuta sandrie za inje. Chagua muzuri."

Sandrie ni chombo cha majivu ya sigara. Nilikuwa nimekiona kimoja maishani mwangu, cha kioo, juu ya meza ya padri mkubwa.

Ng'ambo ya mto maana yake ilikuwa kuvuka Lowa kwa mtumbwi na sufuria ya uji kichwani, na mvua ikinyesha mtumbwi hauvuki. Nilianza kuhesabu nani angekosa chakula, na jina la kwanza likawa Mama Sifa.

Mama Sifa alikuwa na homa ya mapafu. Mume wake, Papa Kibira, alikuwa mhunzi wa kijiji kimoja cha upande wa Buleusa, mtu mwenye mabega mapana kama mlango na miguu mitupu iliyopasuka kama udongo wa kiangazi. Mke wake alikataa chakula cha mkono wa mtu mwingine yeyote, hata wa dada yake. Kwa hiyo mhunzi alijifunza kupika uji wa ndizi. Wanaume wenzake walimcheka.

"Papa Kibira, siku hizi unavaa kitenge?"

"Mugonjwe kwanza ninyi," aliwajibu huku akikoroga. "Njo tutaona bibi gani atakubali kuwapikia."

Alimlisha kijiko kwa kijiko. Mama Sifa akimaliza bakuli, mumewe alitoka akivuta sigara moja. Akikataa, alivuta nne. Na kila moja aliitupa alipokuwa amesimama. Kwa hiyo mtu aliyechafua uwanja kuliko wote ndiye aliyekuwa na la kupoteza kuliko wote. Nilipomweleza amri ya Dokta aliitazama sigara yake.

"Komi," akasema, "wakinipeleka ngambo, homa haitapata nafasi ya kumuua huyu mama. Njaa itatangulia."

Nikamwambia asiwe na hofu, nitachagua vyombo vizuri. Kisha nikaenda nyuma ya jengo kuogopa peke yangu.

Chombo changu cha kwanza kilikuwa kopo la maziwa. Dispanseri ilikuwa na makopo tisa matupu. Niliyaosha, nikayatia mchanga, nikayapanga kwa kamba ili yawe sawa kwa mstari, kwa maana nilidhani mstari ukiwa sawa watu watatii. Kesho yake mchana hakuna kopo. Moja lilikuwa taa, mawili yalikuwa vikombe, moja lilikuwa kipimo cha chumvi cha mama mmoja aliyenishukuru kwa moyo wote kwamba nimegawia watu makopo, tena yenye mchanga wa kusugulia. Ningemwambia nini? Nilimjibu karibu.

Andikeni hilo: chombo cha takataka kikiwa na faida nyumbani, kitakwenda nyumbani. Huo si wizi. Wewe ndiye hukujua bei ya kitu machoni pa watu.

Chombo cha pili nilikiwazia siku tatu. Nilitaka kitu ambacho kila mtu anacho, asione haja ya kukichukua. Nikawaendea mama wafinyanzi, nikaomba vyungu vidogo sita, vya mdomo mwembamba ili upepo usipeperushe majivu. Kila kimoja nikatia majivu kidogo chini, watu waelewe bila kuambiwa. Nikaviweka viwili viwili: kando ya mlango, kando ya njia ya kuingilia, na kwenye shina la mti mkubwa uliokuwa mwisho wa uwanja.

Wanangu, lilikuwa ajabu. Hakuna aliyevichukua. Watoto hawakuvigusa. Watu walipita pembeni yake kwa adabu. Na siku ya tatu nilipochungulia, nilikuta tumbaku ndani! Si vipisi vilivyoungua, majani mazima, mazuri, yaliyokunjwa vizuri. Nikaandika kwa Dokta kwamba watu wanaanza kuacha kuvuta wakifika dispanseri, na kwamba wanatoa tumbaku yao kwa hiari. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Anatoli aliisoma ile karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni mwake. "Hii haifike kwa Dokta," akasema. "Kwenda uulize Papa Kibira."

Papa Kibira alikuwa anaosha bakuli. Nilipomuuliza aliketi chini kabisa ili acheke vizuri.

"Weye mutoto ya Masisi! Kwenu kwa vilima hamuna wakubwa waliokufa?"

"Tunao, Papa. Tunawaombea kanisani."

"Sawa, na sisi tunaenda kanisani. Lakini chungu kidogo, na majivu ndani, kwa mulango, kwa njia, tena kwa muti mukubwa… Iko muntu gani atatupa takataka mule? Ile tumbako wamepatia wale wakubwa. Wanaomba wagonjwa wapone." Akafuta macho. "Hata miye niliweka. Kwa ajili ya Mama Sifa."

Sikucheka. Niliona aibu mpaka masikioni, kwa kuwa nilikuwa nimemwekea mtu mahali pa kuombea bila kujua, na nilikuwa nataka atupe kipisi humo. Nilimuuliza niviondoe au niviache. Akasema nisiviondoe mimi. Kesho yake asubuhi wazee wawili walikuja wakavichukua polepole wakavipeleka ndani ya msitu, na hakuna aliyenikaripia. Mmoja alinishika bega akaniambia asante, nimefanya kama mtu aliyelelewa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kukaripiwa.

Nimeona kosa hilo mara nyingi baadaye, kwa sura nyingine. Huko kwetu, kwenye vikaushio vya pareto, kuna mtu aliweka beseni jeupe la sigara mlangoni na wafanyakazi wakanawia mikono. Kitu unachokiweka mbele ya watu hakifiki bila jina. Watu wanakitazama, wanakipa jina wanalolijua, halafu wanakitumia kwa jina hilo.

Sasa nilikuwa na siku nane. Usingizi uliniacha. Nikafanya jambo ambalo mtu mwenye akili iliyotulia asingelifanya: nikachora ramani ya uwanja. Kila asubuhi kabla Anatoli hajafagia nilizunguka nimeinama, na kila mego nikaitia nukta. Watu walidhani nimepoteza pete. Siku ya nne ramani ilionyesha nukta chache kwenye benchi, chache kwenye mafiga, na kundi kubwa, jeusi, sehemu moja: hatua tano kabla ya mlango. Pale pale machoni pa Dokta.

Nikawaza sana. Nikaamua ni kiburi. Watu wanavuta hadi mlangoni ili kuonyesha kwamba hawatishwi. Niliandika neno hilo, kiburi, na chini yake nikapiga mstari.

Papa Kibira aliona ramani. Hakujua kusoma lakini alielewa nukta haraka. "Zangu ni zipi?" akauliza. Nilimwonyesha. Siku hiyo Mama Sifa alikuwa amekula nusu bakuli.

Alasiri ile alimwomba Anatoli akae na mgonjwa wake, akaondoka. Kesho yake mchana akarudi na mkwe wake, wamebeba kitu kwenye mti mabegani, jasho linawatoka. Walikitua uwanjani, ardhi ikalia. Kilikuwa chuma cha gurudumu la kamyo, kile cha mviringo ambamo breki inakamatia, kipana kama sufuria ya arusi. Kamyo ilikuwa imeanguka karibu na kijiji chake zamani, na mhunzi alikuwa amekihifadhi.

"Angalia, Komi," akasema. "Hii haiungue. Mbuzi haiangushe. Muntu hawezi kuifanya kikombe. Na kwa wakubwa waliokufa hakuna aliyeendesha kamyo."

"Papa, lakini wahunzi watakiiba."

"Muhunzi iko mumoja tu huku. Njo miye."

Tukakiinua juu ya mawe matatu ili maji ya mvua yatoke kwenye tundu la katikati. Tundu tukalifunika kwa kokoto zinazopitisha maji, juu yake mchanga wa Lowa. Mchanga, wanangu, si maji. Maji ya sigara yananuka, yanazaa mbu, na wenye mbuzi watakuja kuyachota kuulia kupe, mtoto atakunywa. Mchanga unazima moto na unachujwa kwa mikono, na aliyepewa kazi ya kuuchuja awe na jina. Ukisema "watu watasafisha," hakuna atakayesafisha. Aliyepewa alikuwa Papa Kibira mwenyewe.

Nilikiweka kando ya benchi, nje kidogo ya kivuli cha majani, mahali palipoonekana pazuri. Watu walikitumia tangu saa ya kwanza, kwa sababu walimwona mhunzi akikitumia. Mafigani hakukuwa tena na kitu. Ni zile nukta za mlangoni tu zilizoendelea, na Anatoli alizifagia akiguna.

Siku ya mkubwa wa afya ikafika. Tulifagia mara tatu. Mimi nilikuwa sijawahi kuvuta, baba yangu angenipiga, lakini Papa Kibira aliniona ninavyotembea kutoka benchi hadi benchi, akaniwashia moja akanipa.

"Vuta kidogo. Unanifanya hata miye niogope."

Nilivuta, nikakohoa, nikavuta tena. Mikono ikapata kazi. Ndipo gari likaingia, na mlangoni Dokta akaita kwa sauti, "Sebastiani!"

Nilisimama nikaenda haraka. Na nilipofika hatua tano kabla ya mlango, mkono wangu ukafunguka wenyewe.

Nilikiona kipisi kikianguka. Kilikuwa kirefu bado, chekundu kwenye ncha, na moshi ulipanda wima kama wa nyumba ndogo. Mkubwa wa afya alikuwa anashuka garini. Sikuweza kuinama. Sikuweza kurudi nyuma. Ndipo nikaona mguu mtupu, mpana, uliopasuka, ukishuka juu ya kipisi bila haraka yoyote.

"Bonzuru, wakubwa," akasema Papa Kibira.

Akasimama pale. Mkubwa alimuuliza ni nani. Dokta akasema ni mume wa mgonjwa, ndiye mlinzi wa sandrie. Mkubwa akauliza chombo kile kimetoka wapi, nani alichagua, mchanga unabadilishwa lini. Mhunzi alijibu yote akiwa amesimama mguu mmoja mbele, kama mtu anayepigwa picha. Mimi nilikuwa natafsiri, na sijui nilitafsiri nini. Wakazunguka uwanja mzima. Wakarudi. Mkubwa akampa Dokta mkono, akasema jamaa wabaki.

Gari lilipoondoka nilipiga magoti nimtazame mguu. Palikuwa na doa jeusi dogo kama punje ya maharage.

"Acha," akasema. "Kwetu kwa moto tunakanyaga mukubwa kuliko hii." Kisha akanong'ona, "Lakini ilikuwa ya moto kweli, Komi. Kwa nini ulitupa pale?"

"Sikutupa, Papa. Waliniita."

Yeye ndiye aliyeelewa kwanza. Akaangalia mlango, akaangalia benchi, akapima kwa macho.

"Njo vile," akasema taratibu. "Wananiita, 'Kibira, mugonjwa wako!' Natoka pale, moyo unaruka, nafika hapa, mukono unafunguka. Kila mara."

Nilikwenda kuchukua ramani yangu. Neno kiburi nililifuta kwa mpira mpaka karatasi ikatoboka. Watu hawakuwa na kiburi. Hatua tano kabla ya mlango ndipo mtu anapoacha kungoja na kuanza kuogopa habari. Alasiri ile, wanaume wanne, tulikiinua kile chuma tukakipeleka pale pale, upande wa mkono wa kulia. Kuanzia siku hiyo Anatoli alifagia majani tu.

Mama Sifa alitoka baada ya majuma mawili, amekonda, anatembea kwa fimbo. Mlangoni alisimama, akakikodolea macho kile chuma kilichojaa vipisi.

"Kibira. Hii si jembe yangu?"

Mhunzi akaangalia chini. Ndipo tulipojua. Mavuno mawili nyuma alikuwa amemwahidi mkewe kukifua kile chuma kiwe jembe, na tangu hapo kila akiulizwa alisema anangoja mkaa mzuri.

"Ilikuwa jembe," akasema. "Nilinunua nayo ruhusa ya kukupikia."

Mama Sifa akakisogelea, akatoa kiko chake kiunoni, akakigonga kwenye ukingo wa chuma, majivu yakaanguka juu ya mchanga. "Basi nitakuwa ninakuja kulima hapa," akasema, na akaanza kutembea kuelekea barabarani.

Alikuja kweli. Kila alipopita barabarani siku ya soko aliingia uwanjani, akachuja mchanga kwa vidole vyake, akatuambia jembe lake linatunzwa vibaya.

Nilifanya kazi ya usafi mpaka nywele zikawa nyeupe. Nimeweka vyombo kwenye masoko, kwenye vituo vya kamyo, kwenye milango ya makanisa. Mara ya mwisho nilipopita Walikale chuma kile kilikuwa bado hapo, na ukingo wake ulikuwa umelika upande mmoja, ule unaotazama benchi, kwa mikono ya watu walioitwa.

Kwa hiyo, mwanangu uliyeniuliza juu ya rangi: nenda sokoni, omba sigara kwa mtu, na kaa pale watu wanapongojea. Usiandike kitu. Ngoja mtu akuite jina kwa sauti, usimame, uende. Kisha geuka uangalie nyuma. Pale kipisi kilipoangukia, weka pipa. Rangi yoyote.